Wasee wa Floo ya Juu, Ule Weusi Kwa Dari Yako Si Uchafu, Ni Maji

Manze, Julai ya Nairobi ikishika, kuna wasee hulala wakiangalia dari ikigeuka nyeusi pole pole. Unapanda kwa kiti, unapiga Jik, inatoka. Wiki chache tu, imerudi na mabeshte zake. Landi akiiona anasema we ni mchafu, na siku ya kuhama anataka kukata dipoziti. Kabla ukubali hiyo stori, soma hapa.

Hiyo kitu ni ukungu, wengine huiita kuvu. Mbegu zake ni ndogo sana hauwezi ziona, na ziko kwa hewa kila mahali, hata kwa manyumba za wadosi. Lakini bila maji haimei. Mbao ama jipsamu ikilowa, siku moja au mbili zinatosha ianze. So swali si "nitaifuta na nini?" Swali ni "maji inatoka wapi?"

Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuvuja. Msumari wa mabati umelegea, gata imejaa majani, ama tangi ya juu inafurika. Hii utaijua haraka: doa liko mahali pamoja, lina duara ya kahawia, na mvua ikinyesha linakua.

Ya pili ndio hubamba wengi: mvuke. Umechemsha githeri masaa mbili, ukaoga maji moto, ukaanika jinzi ndani ya bedsita, na dirisha umefunga juu ya baridi. Hata moto wa gesi wenyewe hutoa mvuke ukiwaka. Hiyo hewa ya joto inapanda, inapenya kwa nyufa za dari na tundu za waya za taa, inapatana na mabati baridi ya usiku. Umeona vile soda ya friji hutoa jasho? Ni hivyo tu. Mabati inadondoka juu ya mbao na jipsamu, na mvua haijanyesha hata tone. Hii hupenda kona, nyuma ya kabati na karibu na bafu.

Sasa dawa, na ufuate hii laini:

1. Zima maji kwanza. Kama ni kuvuja, fundi apande juu. Kama ni mvuke, funika sufuria, fungua dirisha ukipika na ukioga, anika nguo nje, sogeza kabati kidogo kutoka kwa ukuta. Landi naye aweke matundu ya hewa kwa paa.

2. Safisha. Kama ni eneo ndogo, kama futi tatu kwa tatu, unaeza jifanyia. Vaa maski na glavu, fungua dirisha, sugua na maji ya sabuni, kausha kabisa. Usifagie ikiwa kavu, utapeperusha mbegu keja yote. Na Jik usiwahi changanya na dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu.

3. Jipsamu ikishakuwa laini, itolewe. Karatasi yake ndio chakula ya ukungu, na imeingia ndani. Kufuta juu juu haisaidii.

4. Rangi ndio ya mwisho. Ukipaka kama bado kuna maji, umechoma doo. Itachungulia tena.

Usichukulie hii kitu pouwa. Ukungu huamsha asthma, chafya na kikohozi isiyoisha, na watoto ndio huumia sana.

Ya mwisho: piga picha siku unaingia nyumba, na upige tena doa likitokea, kabla ufute. Mtumie landi kwa meseji, si mdomo. Akianza kukuambia we ni mchafu, muulize swali moja tu: maji inatoka wapi?