Maskini mbele ya hakimu

Mwaka 1961, katika jimbo la Florida, Marekani, Clarence Earl Gideon alishitakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa biliadi ili aibe. Hakuwa na fedha za wakili. Akamwomba hakimu ampe mmoja, akakataliwa. Akajitetea peke yake, akafungwa miaka 5. Toka gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu kwa kalamu ya risasi. Mwaka 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba maskini aliyeshitakiwa kosa kubwa apewe wakili na serikali. Gideon akahukumiwa upya, sasa ana wakili, akaachiliwa.

Hata leo, katika majimbo mengi, mawakili hao hupewa fedha chache na kesi nyingi mno. Wakili asiyepata nafasi ya kumsikiliza mshitakiwa atamteteaje? Serikali iliyoahidi wakili haina budi kumlipa na kumpunguzia mzigo.