Dede, Tata na Mbeleko: Msamiati wa Ukuaji wa Mtoto Mchanga katika Kliniki za Eldoret

Kiswahili kimemtengea mtoto mchanga msamiati wake mahususi. Mtoto hakurupuki tu akatembea: hukaza shingo, hugeuka, huketi, hutambaa au husota, husimama dede, kisha huenda tata. Akiwa mikononi hupakatwa. Akiwa mgongoni huelekwa, na kitenzi hicho ndicho chenye udugu na nomino mbeleko, yaani nguo ya kumbebea. Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na maneno haya kamusini na kuyachukulia kuwa mapambo ya lugha ya zamani. Ukweli ni kwamba yanabeba tofauti ambazo tabibu wa viungo huzihitaji kila siku.

Mji wa Eldoret ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka wa 2015, wazazi hufika wakizungumza Kinandi, Kikeiyo, Kiluhya, Kigikuyu, Kiturkana na lugha nyinginezo. Wahudumu nao wamesomea taaluma yao kwa Kiingereza. Aghalabu daraja lililopo baina yao ni Kiswahili, na daraja hilo likiwa na mbao zilizolegea, anayetumbukia ni mtoto.

Mfano mmoja unatosha. Mhudumu humwuliza mama, "Mtoto anasimama?" Mama hujibu kuwa anasimama. Lakini je, anasimama akishikilia kigoda, au anasimama peke yake? Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 katika nchi za Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na likazitenganisha hatua hizo mbili. Kusimama kwa kushikilia kulionekana kati ya miezi 4.8 na 11.4, ilhali kusimama bila msaada kulionekana kati ya miezi 6.9 na 16.9. Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyomo katika neno dede: mtoto ameachilia, hajashikwa, wala hajawa imara. Vivyo hivyo tata si kutembea kwa kushikwa mkono, bali ni hatua za mtoto mwenyewe, za kuyumbayumba. Kutembea peke yake kulionekana kati ya miezi 8.2 na 17.6. Kwa hiyo jirani anayemtisha mama kwa sababu mtoto wa miezi kumi na minne hajaenda tata hana msingi, maadamu mambo mengine ya mtoto huyo yako sawa.

Kuhusu kutambaa, uchunguzi huohuo ulibaini kuwa takriban asilimia 4 ya watoto hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Wapo wanaosota kwa makalio hadi siku wanaposimama. Kiswahili kina neno la mwendo huo pia, na fomu ya kliniki ingenufaika nalo.

Umri wa kuifikia hatua hautokani na maumbile pekee. Malezi nayo yana sehemu yake. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulipatikana katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Miaka ya 1970, Charles Super alichunguza watoto wa Wakipsigis katika jamii ya wakulima ya Kokwet, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 1976. Wakati huo wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakidai kuwa mtoto wa Kiafrika huwatangulia wenzake katika kila jambo la mwili, kana kwamba ni sifa ya damu. Super aliona picha tofauti. Watoto wa Kokwet waliketi na kutembea mapema kwa sababu mama zao waliwafundisha kwa makusudi: waliwaketisha huku wamezungushiwa nguo za kuwaegemeza, na wakawazoesha kupiga hatua wakiwa wameshikwa. Katika mambo wasiyofundishwa, kama vile kutambaa, hawakuwatangulia wengine. Kwa maneno mengine, nyanya wa Kipsigis alikuwa akitoa mazoezi ya viungo kabla taaluma hiyo haijafunguliwa ofisi mjini.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazifai kusubiriwa. Shingo ambayo bado inalegea baada ya mwezi wa nne, ngumi zisizofunguka, miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi mtoto anapoinuliwa, mtoto ambaye kabla ya kutimiza mwaka anatumia mkono mmoja tu, asiyeketi anapopita mwezi wa tisa, asiyetembea akiwa na miezi kumi na minane, na hasa yule anayeupoteza uwezo aliokwisha kuupata. Kwa mtoto njiti hesabu huanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akiwa na miezi minane, hutazamwa kama wa miezi sita.

Mzazi anapoelekezwa kwenye tiba ya viungo, mara nyingi hutarajia kukandwa. Neno "kuchua" limezoeleka mno, na huenda ndilo linalopotosha. Kuchua misuli huku mtoto amelala kimya hakumfundishi kuketi. Tiba humtaka mtoto atende: apakatwe akiwa ametanua miguu juu ya paja la mama huku akifikia kijiko kinachong'aa, alazwe kifudifudi kwa muda mfupi akiwa macho ili ainue kichwa, asimamishwe kwenye kigoda ili uzito wake upite nyayoni. Anapolishwa huketishwa wima, kwani kumlaza chali na kumwinamisha kichwa nyuma kunaweza kukipeleka chakula mapafuni. Saa moja ya hospitali kwa wiki ni kidogo sana. Kazi yenyewe hufanyika nyumbani, wakati wa kuoga, kuvishwa na kubebwa.

Mbeleko nayo ina nafasi yake hapa. Mtoto aliyebebwa mgongoni huku mapaja yake yametanuka huzisaidia nyonga zake kukaa vyema kwenye vikombe vya mifupa, na tatizo la nyonga kuteguka tangu utotoni ni adimu katika jamii zenye desturi hiyo kuliko katika zile zilizozoea kufunga miguu ya mtoto ikiwa imenyooka. Fauka ya hayo, mgongoni mtoto huona sokoni, husikia salamu, na shingo yake hujifunza kusawazika.

Safari za kwanza za mtoto zina desturi zake. Miongoni mwa Waswahili wa pwani, mama na mtoto hukaa ndani hadi arobaini. Ratiba ya chanjo ya Kenya huwaita kliniki wiki ya sita, yaani siku ya 42, hivyo desturi na serikali hukutana karibu mlango mmoja. Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, una baridi ya asubuhi inayowafanya wazazi wamfunike mtoto gubigubi na kumweka ndani kwa miezi. Tahadhari hiyo ina kiasi chake. Ngozi huhitaji jua ili kutengeneza vitamini D, na upungufu wake hulainisha mifupa, humchelewesha mtoto kutembea na kuleta matege.

Lakini kuna mtoto asiyetolewa nje kwa sababu nyingine. Anapopatikana na hali inayotokana na ubongo kudhurika kabla au wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye, Kiswahili humpa jina "mtindio wa ubongo". Istilahi hii ina kasoro. Hutumiwa pia kwa ulemavu wa akili, na mzazi anaposikia "ubongo" huamini kuwa mtoto hana ufahamu. Baadhi ya watoto hawa wana akili timamu. Kilichoathirika ni uwezo wa kuuongoza mwili. Pwani, miongoni mwa Wamijikenda, neno chirwa huuhusisha udhaifu wa mtoto na wazazi kuvunja miiko ya ndoa, na lawama humwangukia mama. Eldoret lawama hazikosi majina mengine. Mtoto hubaki chumba cha nyuma wageni wanapokuja, hasemezwi, na kutosemezwa huko huongeza ucheleweshaji wa pili juu ya ule wa kwanza.

Wanaobuni istilahi za tiba vyuoni wangeanzia hapo, kwa kutafuta jina litakalotaja misuli na mwendo bila kuhukumu akili. Wakati huohuo mtoto anaongeza uzito. Akifikia miaka minne mbeleko haimtoshi, makanga wa matatu hana subira, na jamaa hulazimika kuamua kila Jumapili ni nani atakayebaki nyumbani naye.