Jicho la Elektroniki na Dhamana ya Askari

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, imejaa mikoko, minazi na vijiji vya wavuvi. Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Mji huo uliangukia mikononi mwao Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Askari wa SADC, wakiwemo Watanzania, walikuwa mkoani humo hadi Julai 2024. Katika vita vya namna hiyo, uhai wa askari hutegemea nani amemwona mwenzake kwanza.

Ndiyo sababu majeshi mengi yamekumbatia vifaa vya kulengea vya elektroniki. Bunduki ya kawaida humtaka askari alinganishe pengo la nyuma, ncha ya mbele na shabaha. Kifaa hiki humwonyesha nukta moja nyekundu kiooni. Ikitua juu ya shabaha, inatosha. Askari hufumbua macho yote mawili na kuona pia hatari ya ubavuni. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kifaa chake cha kwanza mwaka 1975. Vipo sasa vyenye kamera, ambavyo humwezesha askari kulenga kutoka nyuma ya ukuta bila kutoa kichwa. Vingine hupokea joto la mwili na kulifanya picha gizani.

Lakini joto la mwili halina sare. Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya raia walikimbia kwa kupita porini na kwa vyombo vya baharini. Kiooni, mama aliyebeba mtoto na mvuvi aliyeshika kasia huwaka sawasawa na adui. Kifaa kinasema kuna mtu. Hakisemi ni nani. Kutambua ni kazi ya askari na kamanda wake, kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Tena, hewa ya chumvi huharibu mitambo, betri huisha, na kifaa kilichogongwa hupoteza shabaha. Hatuna budi, basi, kukikagua kila siku, kukirekebisha uwanjani, na kuendelea kujizoeza kulenga kwa ncha ya chuma. Raia aliyetukimbilia usiku anategemea utaratibu huo kama tunavyoutegemea sisi.