Mtoto wa Kwanza Katika Mama Ingia Pole

Katika kambi za askari, mwanamke akishikwa na uchungu usiku, laini nzima hujua kabla tarumbeta la alfajiri halijalia. Hapana mtu apitaye nyumba kwa nyumba kutangaza habari. Kuta ndizo zitangazazo. Jirani asikiaye mguno upande wa pili hugeuka kitandani, akamgusa mumewe, kisha huamka kuwasha jiko kwa kuwa ajua maji ya moto yatahitajika. Wa tatu hutafuta kanga safi. Wa nne, ambaye jana tu aligombana na mama huyo juu ya kamba ya kuanikia nguo, hubeba taa na kutangulia njiani.

Raia wa Kampala wapitao nje ya ua wa Naguru au Nsambya huona bendera, lango na mlinzi, wakadhani wameiona kambi. Lakini nyuma ya lango kuna mji. Mji huo una watoto wengi kuliko bunduki, na kila mwezi hupokea raia wapya wasioandikishwa na afisa yeyote.

Tangu zama za ukoloni, na kwa miaka mingi baada ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, makao ya askari wa vyeo vya chini yalikuwa ya namna mbili zilizofahamika sana. Ya kwanza ni unipoti, kibanda cha mviringo cha bati jepesi, ambacho wakati wa jua kali huwa tanuri na wakati wa mvua huwa ngoma. Ya pili ni kibanda cha udongo na nyasi chenye mlango mfupi, hata mtu hana budi kuinama na kujipenyeza taratibu. Hicho askari wenyewe walikipa jina la Mama Ingia Pole, na jina hilo likaenea Uganda nzima, hata vinywani mwa watu wasiojua Kiswahili kingine. Nadhani aliyelitunga hakuwa akimfikiria askari mwenye kofia. Alimfikiria mama mwenye mimba, au mwenye mtoto mgongoni na sufuria mkononi, akitafuta namna ya kupita bila kumgonga mtoto kichwa.

Ghorofa zimejengwa Naguru katika miaka ya karibuni, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo askari aliyeoa na kupata mtoto wa kwanza ndani ya chumba kimoja ajua hesabu yake. Pazia hugawa chumba kuwa viwili: huku kitanda, huku kiti, jiko na buti. Mtoto akifika, pazia halitoshi tena. Nepi hutundikwa palipokuwa pakitundikwa mkanda na kofia, na baba aliyetoka lindo la usiku, ambaye zamani alilala mchana kutwa kama gogo, hujifunza kulala robo saa kwa robo saa.

Mji wa Kampala una historia nzuri katika jambo hili la uzazi. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na Daktari Albert Cook, Mwingereza wa misheni. Mwaka 1903 Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland, alifika Nsambya pamoja na wenzake, na kazi yao ya kuwaganga wagonjwa ndiyo iliyozaa hospitali ya pale. Mulago ilianza mwaka 1913, na jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka wa uhuru. Kisha mwaka 2018 ikafunguliwa papo hapo Mulago hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga. Kwa hiyo mwanamke wa kambi ya polisi ya Nsambya hupatwa na uchungu akiwa karibu na milango ya hospitali, jambo ambalo mwenzake wa kituo cha mpakani aweza kuliota tu. Zamani gari la kumfikisha huko lilikuwa lile la doria, ikiwa lilikuwapo na ikiwa lilikuwa na petroli. Leo mara nyingi ni bodaboda: dereva mbele, mama katikati, jirani nyuma akimshikilia, na katika kikapu kile kifurushi kiitwacho mama kiti, chenye glavu, pamba, karatasi ya plastiki ya kutandika, wembe, uzi wa kufungia kitovu na sabuni. Mume mwenye busara hukitafuta kifurushi hicho mwezi wa saba wala hangoji wa tisa.

Na yeye mume, yuko wapi usiku huo? Aghalabu yuko kazini. Hapa ndipo penye jambo linalostahili kusemwa waziwazi katika ukurasa huu usomwao na askari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imempa mwanamke aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na imempa baba siku 4 za kazi. Askari polisi aweza kuzidai siku hizo. Mwanajeshi hawezi, kwa maana sheria hiyo inayataja Majeshi ya Ulinzi ili kuyatoa nje, isipokuwa watumishi raia walioajiriwa na jeshi. Mwanajeshi huongozwa na taratibu za jeshi lake, na kwa kweli huongozwa pia na moyo wa kamanda wake. Wako makamanda ambao husikia habari ya mtoto, wakacheka, wakamwambia askari, "Nenda, usirudi mpaka umejua kumbeba." Wako pia wanaouliza kama ni yeye aliyejifungua.

Tuzihesabu siku hizo 4. Ya kwanza huishia katika benchi la hospitali. Ya pili ni ya kumrudisha mama nyumbani. Ya tatu ni ya wageni, ambao huja na ndizi na kuondoka na chai. Ya nne ni ya kupiga pasi sare. Ajabu ni kwamba wazee wa Waacholi waliijua hesabu hii kabla ya bunge: kwao mama hukaa ndani siku 3 akizaa mtoto wa kiume, na siku 4 akizaa wa kike, ndipo atolewe nje pamoja na mtoto. Lakini wazee hao walikuwa na nyumba ya bibi hatua chache tu kutoka hapo. Askari wa Kampala ana mamaye Kitgum, mkwewe Mbarara, na zamu saa kumi na mbili asubuhi.

Wala tusisahau kwamba mara nyingi mama mwenyewe ndiye askari. Siku 60 zikiisha, mtoto hajafikisha miezi mitatu, na waganga washauri kwamba anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Mama huyo akipangwa kulinda benki usiku, nani atamnyonyesha mtoto? Nimewasikia sajini wapangao zamu wakisema kwamba hawana nafasi ya kufikiri maziwa. Naamini orodha ya zamu ni karatasi tu, na karatasi yaweza kuandikwa upya.

Mapengo haya ndiyo hujazwa na laini. Mzazi mpya, ambaye Waganda humwita nakawere, hapewi nafasi ya kuwa mpweke. Mke wa koplo Mnyankole humletea uji wa bushera. Mke wa Mteso humletea wa ulezi uliotiwa ukwaju. Mama Mganda huja na kyogero, maji ya kuogeshea mtoto yaliyochemshwa na majani ya bombo, lweza na mengineyo, na ndani yake hutupa sarafu ili mtoto asikose bahati. Katika kambi nyingi mtoto wa Mlugbara au wa Mgisu ameogeshwa kyogero na mikono ya Kiganda, na babaye hakuona ubaya. Muuguzi wa zahanati naye husema neno lake: maji ya majani yaweza kuwa mazuri kwa ngozi, lakini yasiingie kinywani mwa mtoto, na kitovu kisipakwe majivu wala mavi ya ng'ombe, kwa sababu pepopunda huingia kupitia hapo. Mama mwenye akili husikiliza pande zote mbili, akampa kila mmoja heshima yake.

Majina nayo husimulia kambi ilivyo. Mapacha wa Kiganda ni Wasswa na Kato, au Babirye na Nakato, na papo hapo baba huwa Ssalongo na mama Nnalongo, vyeo visivyohitaji kutiwa sahihi na mkuu yeyote. Kwa Walango na Waacholi mapacha ni Opio na Ocen, na mtoto afuataye huitwa Okello au Akello. Siku ya mshahara, mbele ya duka la kambi, utasikia majina hayo yote yakiitwa kwa pamoja, na amri zote za kurudi nyumbani zikitolewa kwa lugha moja.

Lugha hiyo ni hii tuandikayo. Nchini Uganda Kiswahili kina kisa kirefu. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Pamoja na hayo, raia wengi wa Kampala walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, wakakichukia. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini yuko mwingine aliyekisikia kwanza akiwa mgongoni mwa mamaye. Kwake "lala" halikuwa amri ya kulala kifudifudi kandokando ya barabara; lilikuwa neno la kubembelezea. Mtoto wa kambi alijifunza huruma na amri kwa maneno yale yale, na mpaka leo, akiwa mtu mzima katika ofisi ya mjini, husikia Kiswahili kikizungumzwa nyuma yake akageuka kwa furaha wakati wenzake wakigeuka kwa wasiwasi.

Waulize watu wa namna hiyo wanakumbuka nini. Hawaanzi na mabati. Huanza na mpira wa nyuzi za mgomba, uliofungwa hata ukawa mgumu kama jiwe. Hukumbuka kwepena, ambapo wawili hurusha na aliye katikati hukwepa. Hukumbuka dulu zilizochezwa vumbini na kupotea chini ya unipoti. Hukumbuka kwata ya watoto, wenye bunduki za mabua, wakiongozwa na mvulana mdogo kuliko wote kwa sababu sauti yake ndiyo iliyokuwa kali.

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa fahari kwao. Timu ya jeshi, Simba, ilifika fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Na tarehe 2 Septemba mwaka huo, mjini Munich, askari polisi John Akii-Bua alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia. Baada ya hapo hakukuwa na kiti, ndoo wala ufagio uliokuwa salama katika laini. Kila kitu kiliwekwa njiani kirukwe. Magoti yalichubuka. Leo watoto wa kambi hukimbia kwa jina la Joshua Cheptegei, polisi vilevile, mshindi wa mita 10,000 huko Paris mwaka 2024, na angalau mchezo huu hauvunji viti.

Kumbukumbu nyingine si za mchezo. Mwaka 1979, tena 1985 na 1986, serikali zilipoanguka, familia za askari wengi ziliondoka kambini kwa haraka, godoro kichwani na mtoto mgongoni, bila kujua baba yuko hai au la. Hata majirani zao raia wamepoteza ya utotoni. Nyumba za wafanyakazi za Naguru na Nakawa, ambazo watoto wake walicheza mpira na watoto wa polisi, zilibomolewa mwaka 2011. Mtu akienda kutafuta mlango wa utoto wake pale, hapati hata kizingiti.

Baba wa leo ana jaribu lake. Tangu Machi 2007, wanajeshi wa Uganda wamekwenda Somalia zamu baada ya zamu, na wengi wameacha wake wenye mimba wakarudi wakakuta mtoto atembeaye. Mtoto huyo amemjua baba ndani ya simu, akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Sasa asimama mlangoni jitu kubwa lenye sauti ile ile, naye hukimbilia nyuma ya gauni la mama. Askari aliyestahimili mizinga amelia kwa jambo hilo. Wakongwe huwapa vijana ushauri ufaao: usimnyang'anye mama mtoto siku ya kwanza, vua sare kabla ya kuingia, keti chini, fanya kazi ya mikono, umenye viazi au upige buti rangi, mpaka yeye mwenyewe aje kuona unafanya nini. Huja, pengine siku ya tatu, pengine ya kumi.

Ikiwa baba yuko karibu, ratiba ya chanjo humpa nafasi ya kuanza mapema. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mtoto azaliwapo. Nyingine hufuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua hungoja miezi 9. Tarehe hizo zajulikana tangu siku ya kwanza, kwa hiyo zaweza kupelekwa kwa mpangaji wa zamu mapema. Polisi mmoja mmoja wameanza kuonekana kwenye foleni za zahanati asubuhi, wamevaa sare, wamemshika mtoto kwa ukakamavu kama washikavyo silaha ya gwaride, na akina mama huwapisha mbele kwa kicheko. Kadi ya chanjo hurudishwa nyumbani, ikatiwa ndani ya sanduku la chuma lililo chini ya kitanda, pamoja na barua ya kuajiriwa, cheti cha mafunzo na picha ya siku ya kumaliza ukuruta.