Rangi za Uzi na Vilima vya Ngara

Katika nyumba nyingi za Tanzania, za mjini na za shambani, hutakosa kuona vitambaa vilivyofumwa kwa mkono: migongoni mwa viti, mezani, hata juu ya redio. Vingi kati ya hivyo vimefumwa kwa kroshia, yaani kwa ile sindano moja yenye kulabu nchani. Mfumaji aliyezoea kazi yake huihesabu mishono bila kuitazama. Lakini afikapo dukani, mbele ya rafu ya nyuzi, hesabu humwishia. Achukue rangi zipi? Ngapi? Na kila moja kwa kiasi gani? Jibu lililozoeleka ni kwamba wako watu waliojaliwa kuwa na jicho la rangi, na wako wasiojaliwa. Jibu hilo halimsaidii mwanafunzi, na kwa maoni yangu si la kweli. Uchaguzi wa rangi una misingi katika tabia ya mwanga na katika maumbile ya jicho, nayo misingi hiyo yaweza kufundishwa na kujaribiwa darasani kwa nyuzi chache na kipande cha karatasi ngumu.

Ninayo sababu yangu ya kulichunguza jambo hili. Macho yangu hayatofautishi vema rangi nyekundu na kijani. Utotoni, Mugoma, wilayani Ngara, nilikuwa mchumaji wa kahawa asiyefaa kitu. Wenzangu waliziona buni zilizoiva tangu mbali, zikiwaka katikati ya majani. Mimi nililazimika kuinamisha kila tawi na kuzibinya kwa vidole, na bado kikapu changu kilijaa buni mbichi. Watu wazima walidhani ni uvivu. Shangazi yangu, aliyekuwa akifuma vitambaa vya kuuza, alinituma siku moja nimletee donge la uzi mwekundu kutoka kapuni. Nikamletea la kijani kilichoiva. Akacheka akasema, “Baba, leo una haraka ya kwenda kucheza.” Nilipolirudia kosa hilo siku ya pili na ya tatu hakucheka tena, alinyamaza, akanitazama kwa muda mrefu. Jina la hali yangu nililijua miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni Ulaya, nilipopimwa kwa yale mabamba yenye vitone vya rangi yaliyobuniwa na daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917.

Jicho la kawaida lina aina tatu za seli za koni, ambazo ndizo zitambuazo rangi. Aina ya kwanza huitikia zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, karibu nanomita 420. Ya pili karibu 530. Ya tatu karibu 560. Ubongo hulinganisha taarifa za aina hizo tatu, na kutokana na ulinganisho huo huzaliwa kile tunachokiita rangi. Yafaa mwanafunzi alishike neno hilo “ulinganisho”, maana ndiyo siri ya mambo yote yatakayofuata. Uzi hauna wekundu ndani yake kama vile chungu kilivyo na maji. Uzi humeza sehemu ya mwanga na kuirudisha sehemu nyingine. Kilichobaki ni kazi ya jicho na ubongo. Mtu ambaye koni zake za aina ya pili au ya tatu zina kasoro hupata ulinganisho hafifu kati ya nyekundu na kijani. John Dalton, mwanakemia Mwingereza tunayemfahamu kwa nadharia yake ya atomu, aliieleza hali hiyo mwaka 1794 kwa kujitolea mfano yeye mwenyewe. Alidhani majimaji ya ndani ya jicho lake yalikuwa na rangi ya buluu, akaagiza achunguzwe baada ya kufa kwake. Majimaji yakaonekana ni meupe. Sababu halisi ilithibitishwa mwaka 1995, pale wataalamu walipochunguza jeni katika mabaki ya jicho lake yaliyokuwa yamehifadhiwa: hakuwa na kemikali ya koni za aina ya pili.

Ung'avu kabla ya rangi

Shangazi alikuwa na desturi moja ambayo zamani niliidhania ni mazoea tu. Jioni, kabla taa haijawashwa, alikining'iniza kitambaa mlangoni na kurudi nyuma hatua kumi. Ikiwa maua yalionekana, aliendelea na kazi. Ikiwa maua yalizama katika kitambaa, aliyafumua, hata kama kazi hiyo ilimgharimu wiki nzima. Nakumbuka kitambaa kimoja chenye maua ya rangi ya machungwa juu ya kijani, ambacho mchana kila apitaye alikisifu. Jioni kikawa kama shuka tupu.

Alichokuwa akikipima ni ung'avu, yaani jinsi rangi ilivyo karibu na weupe au weusi, bila kujali kama ni nyekundu au buluu. Jicho hutambua maumbo na mipaka hasa kwa tofauti ya ung'avu. Rangi mbili zinazopishana sana kwa jina lakini zinalingana kwa ung'avu huufanya mpaka wao uyumbe, na ua hupoteza umbo lake. Rangi mbili zinazokaribiana kwa jina, mathalani buluu ya mbingu na buluu ya wino, hulidhihirisha ua waziwazi kwa sababu ya tofauti ya ung'avu wao.

Hata hivyo, kipimo cha jioni kina dosari ambayo mwalimu wa fizikia asiiache. Giza linapoingia, koni huacha kazi pole pole na nafasi yao huchukuliwa na seli nyingine zenye umbo la fito, zisizotambua rangi. Seli hizi huitikia zaidi mwanga wa karibu nanomita 500, na karibu haziuoni kabisa mwanga mwekundu. Kwa hiyo jioni nyekundu na machungwa hufifia mapema kuelekea weusi, ilhali buluu na kijani huonekana kung'aa kuliko mchana. Purkinje, mtaalamu wa fiziolojia wa Bohemia, aliliandika jambo hilo mwaka 1825. Ndiyo maana maua yale ya machungwa, yaliyokuwa yaking'aa kuliko kijani mchana, yalishuka hadi kulingana nacho magharibi. Atakaye kipimo cha mchana na ayafumbe macho nusu, au akipige kitambaa picha isiyo na rangi kwa simu. Lakini nadhani Shangazi hakukosea sana, maana kitambaa cha sebuleni wageni hukiona zaidi jioni.

Baadaye akagundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa kipimo kilicho hai. Nikisema, “Shangazi, ua silioni,” alijua kuwa rangi zake zinategemea wekundu na ukijani peke yake, bila ung'avu kuzisaidia. Sidhani kama kuna jambo lililonipa heshima zaidi utotoni.

Ushahidi wa kanuni hii haupo mbali na Ngara. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda na kufuata njia ya Kigali, utafika Nyakarambi, mji mdogo unaosifika kwa mapambo yaitwayo imigongo. Hayo ni maumbo ya mistari na pembe yaliyoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha yakatiwa rangi. Simulizi huyaanzisha kwa Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Rangi za asili zilikuwa chache mno: nyeupe ya udongo wa kaolini, nyekundu ya udongo wa vilimani, nyeusi iliyotengenezwa kwa mimea. Mtu huweza kuuona uchache huo kuwa umaskini. Mimi nauona kuwa ni ujuzi: rangi tatu zilizoachana kwa ung'avu, moja juu, moja kati, moja chini kabisa. Mchoro wa namna hiyo hausumbuliwi na giza, wala na moshi wa jiko, wala na jicho kama langu.

Jirani hubadili jirani

Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho ni hafifu, kwamba zikiisha kufumwa pamoja na buluu au zambarau hupoteza weusi wake. Akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akakuta hazina upungufu wowote. Ila haikuwa katika rangi. Ilikuwa katika ujirani. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kilieleza kanuni yake: rangi mbili zinapokaa bega kwa bega, kila moja huisukuma nyenzake mbali na yenyewe, kwa ung'avu na kwa aina ya rangi. Kijivu kilichozungukwa na nyekundu huelekea ukijani. Kijivu hichohicho kikizungukwa na kijani huelekea wekundu. Jaribio ni rahisi: kata vipande viwili vya uzi mmoja wa kijivu, kimoja ukilaze juu ya kitambaa chekundu, kingine juu ya cha kijani, kisha uwaulize wanafunzi kama vimetoka katika donge moja. Ugomvi utakaozuka ndiyo somo lenyewe.

Kwa mfumaji maana yake ni kwamba rangi haichaguliwi ikiwa peke yake rafuni. Madonge hayana budi kuwekwa pamoja, tena kwa mpangilio uleule yatakaokuwa nao kitambaani. Zaidi ya hayo, ukubwa wa eneo una athari. Nyekundu na kijani katika maeneo mapana hupandishana. Lakini zikibadilishana kila mshono mmoja mmoja, kwa mbali jicho hushindwa kuzitenganisha, likazichanganya, na matokeo ni rangi ya tope. Wengi wamelilaumu duka kwa kosa hilo.

Kuisoma Mugoma

Basi rangi zitafutwe wapi? Vitabu vya mifano vitokavyo ng'ambo hutoa majani ya miti ya Ulaya yanayogeuka dhahabu kabla ya baridi, jambo ambalo mwanafunzi wa Kagera hajaliona. Asimame mlangoni mwake saa kumi na mbili asubuhi. Vilima vya Ngara vimepangana mgongo nyuma ya mgongo, na kila mgongo ulio mbali zaidi huwa mweupe zaidi na wa buluu zaidi. Hewa hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi kuliko ule wa mawimbi marefu. Mwaka 1871 Lord Rayleigh alionyesha kwamba utawanyikaji huo hufuata kinyume cha kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Mwanafunzi na apige hesabu: mwanga wa nanomita 450 hutawanyika zaidi ya mara nne kuliko ule wa nanomita 650. Hivyo kati ya jicho letu na kilima cha mbali pamejaa mwanga wa buluu uliotawanywa na hewa. Nyuzi nne au tano, tangu kijani kizito cha migomba iliyo karibu hadi kijivu-buluu cha kilima cha mwisho, huwa blanketi zuri ambalo halitakosea kwa ung'avu, kwa kuwa hewa imekwisha kuupanga.

Kiasi cha kila rangi nacho kisomwe. Mtazame korongo wa kijivu mwenye taji, ndege wa mabondeni. Mwili wake karibu wote ni kijivu. Bawa lina nyeupe nyingi na hudhurungi. Dhahabu ipo hasa kichwani, na nyekundu ni kitone kooni. Mfumaji akizichukua rangi hizo zote kwa kiasi sawa atapata kitambaa chenye makelele, kisichomkumbusha mtu korongo hata kidogo.

Njia ninayowapa wanafunzi ni hii. Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa sentimita 20. Uzungushie nyuzi kwa uwiano ulioukadiria: mathalani mizunguko 30 ya kijivu, 10 ya nyeupe, 6 ya hudhurungi, 3 ya dhahabu na 1 ya nyekundu. Uutazame ukanda juani, kisha kivulini, kisha chini ya taa ya nyumba kitakamotumika kitambaa. Usiliruke hilo la taa. Nyuzi mbili zinazofanana chini ya taa ya duka zaweza kutengana juani, kwa sababu mwanga wa taa nyingi hauna mawimbi yote kwa kiasi kile cha mwanga wa jua. Asiye na subira ya vilima na ndege achukue kanga iliyomo sandukuni: pindo na mji wake hutoa rangi mbili tatu ambazo mtu mwingine amekwisha kuzipima.

Neno moja kwa walimu. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu 8 katika kila 100 wana upungufu kama wangu. Katika Afrika idadi zilizopimwa aghalabu ni ndogo zaidi, lakini katika shule kubwa yenye wavulana wengi usishangae kumpata mmoja au zaidi. Jeni zinazohusika zimo katika kromosomu X, nayo mvulana anayo moja tu. Ndiyo maana wasichana hupatwa kwa nadra sana. Mvulana huyo atakosea rangi ya litmasi, atakosea ramani, na huenda akaitwa mzembe. Mpe kwanza nyuzi azipange, kabla ya kumpa adhabu.

Shangazi alipotambua kuwa sikuwa nacheza, alizifungia nyuzi zake mafundo mwishoni: fundo moja nyekundu, mafundo mawili kijani, matatu hudhurungi. Tangu siku hiyo sikumletea tena donge lisilo lake. Hata sasa, nimnunuliapo uzi, humwomba mwenye duka anitajie rangi, nikaufunga mafundo papo hapo mbele ya wateja.