Oili ya Difu na Giaboksi: Umwage Nyumbani, kwa Fundi au kwa Wakala?

Mwenye Land Cruiser mkonga, Prado au Hilux ya foo-wili hasahau oili ya injini, maana stika ya gereji kwenye kioo humkumbusha. Lakini chini ya gari hilo hilo kuna vyumba vingine vinne vyenye oili yake: giaboksi, transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma, difu la mbele na difu la nyuma. Hivi havina stika. Kiwango kinachotajwa sana cha kubadilisha oili hiyo ni kilomita 40,000, na nusu yake kwa gari linalobeba mizigo mizito, kuvuta trela, au kupita kwenye vumbi na maji. Kwa gari la utalii la Arusha au gari la shambani, barabara ngumu ndiyo barabara ya kila siku, kwa hiyo hesabu ianzie kwenye kilomita 20,000.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani. Ila anayeingia chini ya gari akidhani ataokoa fedha nyingi za ufundi atakatishwa tamaa. Faida kubwa iko kwingine: unajua kwa hakika ni oili gani iliyoingia, na unaona kwa macho yako kilichotoka.

Hesabu ya njia tatu

Tuchukue Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye giaboksi la mkono. Vyumba vyote vinne hunywa jumla ya lita 11 hivi, na madifu mawili peke yake huchukua zaidi ya nusu. Bei ninazoweka hapa ni za kufanyia hesabu tu. Weka za mjini kwako, mantiki haibadiliki. Tuseme lita ya oili ya kawaida ni shilingi 15,000, washa mpya zote ni 10,000, na fundi wa mtaani anataka 40,000. Tuseme pia wakala anauza oili yake kwa 25,000 kwa lita na kutoza 150,000 za kazi.

Kwa wakala, lita 11 ni 275,000; ukijumlisha kazi na washa unafika 435,000. Kwa fundi wa mtaani, ukinunua oili mwenyewe lita 12 ili usipungukiwe, ni 180,000, na jumla yote ni 230,000. Ukifanya mwenyewe unalipa 190,000, lakini mara ya kwanza ongeza vifaa: soketi ya 24 na mpini wake mrefu, alenki ya 10, pampu ya mkono yenye mpira, karai pana na madumu. Tuviweke 150,000.

Anayehama kutoka kwa wakala amerudisha fedha za vifaa siku hiyo hiyo, na chenji inabaki. Anayehama kutoka kwa fundi wa mtaani anaokoa 40,000 tu kila mara, hivyo vifaa vinajilipa kwenye sevisi ya nne. Kwa gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, hiyo ni miaka kadhaa. Kama sababu yako ni fedha pekee, nunua oili sahihi, mwite fundi unayemwamini, na simama pale pale mpaka amalize. Ni chaguo la heshima kabisa.

Mahali pa kutobana fedha: aina ya oili

Hapa ndipo watu huumia. Madifu yanahitaji oili iliyoandikwa GL-5, kwa kawaida ya uzito wa 80W-90 au 85W-90, kwa sababu meno yake husuguana kwa kuteleza na mgandamizo mkubwa sana. Giaboksi la mkono ni jambo jingine. Ndani yake kuna ringi za shaba nyeupe zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Dawa nyingi za salfa zilizomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 zinaweza kuila shaba hiyo oili inapopata moto, na utelezi wake huzifanya ringi zisishike vizuri, gia ikaanza kukwaruza. Ndiyo maana kwa magiaboksi mengi hushauriwa GL-4 ya 75W-90, au oili ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kuwa inafaa GL-4 na GL-5. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Fundi anayejaza vyumba vyote vinne kwa dumu moja la GL-5 hajakusaidia, hata akifanya kwa nusu bei.

Angalia pia kama difu la nyuma ni la aina ya LSD. Hilo lina sahani za msuguano ndani na linataka oili yenye dawa yake maalumu.

Je, sinthetiki? Inavumilia joto vizuri na hudumu zaidi, lakini bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu. Kwa gari linalovuka mito na matope mara kwa mara, oili ya kawaida inayobadilishwa mapema ni matumizi bora ya fedha, kwa kuwa maji yakishaingia huiharibu ya ghali sawasawa na ya rahisi. Gari la safari ndefu za lami na mizigo mizito ndilo litakalofaidi sinthetiki.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa, iache. Nunua dumu lenye lakiri yake, alama ya TBS au KEBS na namba ya toleo, kwa muuzaji atakayekupa risiti. Kariakoo na Kirinyaga Road wapo wauzaji waaminifu; bei iliyo chini mno kuliko ya majirani ndiyo ya kuogopa.

Ukiamua kufanya mwenyewe

Magari haya yako juu, kwa hiyo huhitaji jeki. Ni vizuri hivyo, kwani gari lazima liwe sehemu tambarare ili kipimo cha oili kiwe kweli, na gari lililo juu ya jeki peke yake huua. Liendeshe kidogo oili ipate uvuguvugu, zima injini, vuta hendibreki, weka kabari kwenye magurudumu.

Fungua bolti ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, bado una oili ndani na unaweza kuendesha hadi gereji. Ukianza kumwaga halafu ya juu ikakataa, gari limelala hapo. Maliza chumba kimoja kabla ya kugusa kingine, usije ukaacha kimoja kikavu au kujaza kimoja mara mbili. Oili chafu ikiisha kutoka, rudisha bolti ya chini, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, kisha funga kwa washa mpya.

Kabla ya kufunga bolti ya kumwagia, isome sumaku yake. Uji wa kijivu laini ni usagaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni meno au beringi zinazokwisha. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji: difu lenye moto likizama mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili au kipumulio kilichoziba. Safisha kipumulio siku hiyo hiyo. Maelezo haya ndiyo usiyoyapata ukiachia gari gereji na kulifuata jioni.

Giaboksi la otomatiki liachie gereji. Mengi ya siku hizi hayana kijiti cha kupimia, na kiwango chake hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu.

Oili chafu irudi kwenye madumu na ipelekwe kwenye kituo au gereji inayoikusanya. Usiimwage mtaroni wala kuipaka nguzo za uzio. Ardhi ndiyo inayotunza maji ya kisima.

Fedha zikiwa pungufu

Si lazima vyumba vyote vinne kwa siku moja. Anza na difu la nyuma na giaboksi, maana hufanya kazi kila gari linapotembea. Transfa ifuate. Difu la mbele, kwa gari ambalo foo-wili yake huwashwa mara chache na lina habu za kufunga na kufungua, linaweza kusubiri mwisho. Lakini kama umevuka maji yaliyofika kwenye ekseli, mpango huo unafutika: fungua madifu yote mawili wiki hiyo hiyo uangalie rangi. Tarehe, kilomita na aina ya oili uliyoweka kila chumba viandike kwenye daftari la gari, ili fundi ajaye na mnunuzi ajaye wasikisie.