Mashine ya damu ya jicho: tuiamini?

Nyuma ya jicho kuna retina. Hapo munganga anaona mishipa ya damu bila kupasua mtu. Helmholtz alieleza chombo cha kuangalia mule mwaka wa 1851. Mwaka wa 1961 Novotny na Alvis, wanafunzi wa uganga kule Marekani, walieleza namna ya kupiga picha ya mishipa hiyo baada ya kutia rangi kwa sindano. Leo kuna mashine zinazotumia lezeri tu, bila sindano, na zinatoa hesabu ya damu inavyopita.

Hesabu hiyo ni ya kweli? Wanapima jicho lilelile mara nyingi, mtu akiisha kupumzika. (Aliyetoka kupanda milima yetu ya Masisi asipimwe palepale!) Wakipata 20, 21, 20, vizuri. Wakipata 20, 31, 14, munganga atajuaje kama dawa inamsaidia mgonjwa wa sukari, ao mashine inacheza tu?

Lakini angalia: guigoz iliyobonyea inapima maharagi namna moja kila siku, na kila siku inapunja. Basi wanasukuma maziwa ao damu kwa pampu katika mrija mwembamba, mwendo wake wakiujua mbele, kiisha wanaangalia kama mashine itautaja.